Profesa wa Milango ya Kloridi

Alipofundisha, profesa wetu wa fiziolojia hakuwaangalia watu. Aliangalia ubao, aliangalia dirisha, na mara nyingi aliangalia mikono yake mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa vyombo vyake vya kazi: mkono wa kushoto ulikuwa damu, wa kulia ulikuwa chakula kilichomo tumboni, na nafasi iliyobaki katikati ilikuwa seli moja ya utumbo. Sisi tuliosomea udaktari Lubumbashi katika miaka ile tulimaliza mwaka mzima mbele yake bila kujua kama anazitambua sura zetu. Ukimkuta barabarani ukamsalimu, aliitika kwa heshima zote, kofia mkononi, kisha akaenda zake kama mtu aliyesalimiwa kwa kudhaniwa mwingine.

Somo lake kubwa lilikuwa moja tu, na kila somo jingine aliliburuta mpaka likaishia hapo: jinsi chumvi inavyovuka utando wa seli. Chumvi ya mezani, alituambia, ni vitu viwili vilivyoshikana, sodiamu na kloridi. Ikiingia majini, vinaachana. Utando wa seli ni mafuta, na kloridi haiwezi kupenya mafuta, kwa hiyo inahitaji mlango. Upande wa damu kuna kifaa kinachoibeba kloridi na kuiingiza ndani ya seli, tena na tena, mpaka inajazana humo kama watu kwenye chumba cha kungojea. Upande wa pili, ule unaotazama chakula, ndiko iliko milango yenyewe, na kwa kawaida imefungwa. Utumbo ukihitaji kulainika, amri inatolewa ndani ya seli, mlango unafunguka, kloridi inatoka. Sodiamu inaifuata kwa kupita katikati ya seli na seli. Maji yanavifuata vyote viwili. Kisha amri inakoma, mlango unafungwa, na wewe mwenye tumbo hujui kwamba kuna jambo lolote lililotokea.

"Mayi haina akili yake," alikuwa akisema kwa Kiswahili cha mjini kwetu, baada ya kumaliza kuandika kwa Kifaransa. "Inafuata munyu. Ukitaka kujua mayi inaenda wapi, uliza munyu kwanza."

Alitueleza kuhusu watoto wanaozaliwa na milango mibovu isiyofunguka, ambao ute wao unakuwa mzito kama gundi na jasho lao linazidi chumvi. Mwanafunzi mmoja aliyetoka Kilwa, si ile ya pwani bali ya kwetu, kule ziwani ambako kipindupindu hakikauki, alimuuliza kama ugonjwa huo nao huuvunja mlango. Profesa alijibu akitazama dirisha kwamba hapana, sumu ya kipindupindu haivunji kitu. Inaingia ndani ya seli na kumkamata yule anayetoa amri, ili amri isikome. Mlango unafanya kazi yake vizuri kabisa, ila haufungwi tena, na mtu anaweza kuishiwa maji mwilini kati ya asubuhi na jioni. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesifia saa nzuri. Yule mwanafunzi wa Kilwa alikuwa amezika ndugu kwa ugonjwa huo. Sidhani kama profesa aliliona jambo hilo usoni pake.

Nilipomaliza masomo nilibaki kuwa msaidizi wake katika maabara, na hapo ndipo nilipomjua, kama kweli nilimjua. Alikuwa na chombo alichokipenda: vikombe viwili vya kioo vilivyobanwa pamoja, na kati yake kipande cha utumbo kimetandazwa kama ngozi ya ngoma. Upande mmoja ulikuwa wa damu, mwingine wa chakula. Kloridi ilipovuka, ilibeba umeme kidogo sana, na sindano ya mita ikasogea. Aliweza kukaa mbele ya sindano ile kama watu wanavyokaa mbele ya mpira. Alidondosha tone la dawa inayofungua milango, akangoja, mikono magotini. Sindano ilipopanda, alitabasamu. Nilifanya naye kazi miaka kadhaa, na tabasamu lile sikuliona akimpa mtu.

Utumbo tuliununua kwa akina mama wauza nyama, upande wa Katuba. Alikwenda mwenyewe, amevaa tai, amebeba chupa ya chai iliyojaa barafu na maji ya chumvi, kwa sababu kipande kilitakiwa kitiwe humo kikiwa bado na uvuguvugu wa mbuzi. Walimwita Papa wa Matumbo, yaani Baba wa Matumbo. Siku moja muuzaji mmoja alimuuliza, kwa adabu, kama huwa anayala mabichi. Profesa hakukasirika wala hakucheka. Aliweka chupa yake chini, akanyoosha mikono, wa kushoto damu, wa kulia chakula, akamweleza habari yote, tangu chumvi inavyoingia mpaka maji yanavyotoka, huku wateja wakirundikana nyuma yake. Alipoondoka, yule mama alinishika mkono akaniuliza kama papa yule ana mke. Nikasema anaye. Akasema hakuonekana hivyo, alionekana kama mtu ambaye hajaulizwa kitu siku nyingi.

Mke alikuwepo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa kicheko kikubwa, na nyumba yao ya chuo kule Makomeno ilisikika kabla hujafika getini. Jumapili waliniita kula bukari, ndio ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo na dagaa wa kapenta. Mezani profesa hakuruhusu neno lolote la tumbo litajwe. Mtu yule yule aliyekata matumbo ya mbuzi wiki nzima, mtoto akisema tu kwamba anakwenda msalani, aliweka uma chini na kugeuza uso. Mke wake alinisimulia, machozi ya kicheko yakimtoka, kwamba kijana wao alipougua kuhara, baba mtu alisimama chumba cha pili akauliza rangi yake kupitia ukuta.

"Bwana yangu anajua seli zangu zote," aliniambia siku hiyo. "Muulize leo nimevala nini."

Profesa aliinua macho kutoka kwenye sahani, akamtazama kwa bidii kama mwanafunzi aliyeshtukiziwa mtihani, na sote tukacheka. Naye alicheka. Nyumba ile ilikuwa na furaha, nataka lijulikane, kwa sababu watu waliomjua baadaye tu walidhani alizaliwa peke yake.

Alikuwa daktari kwa shahada, lakini wagonjwa aliwaogopa. Alipolazimika kutupeleka wodini, alisimama mlangoni, mgongo umewaelekea wagonjwa, akafundisha akiangalia ukumbi. Nilipolazwa na malaria alinitumia machungwa. Aliyeyaleta aliniambia profesa mwenyewe amefika mpaka geti la hospitali, akasimama, akarudi. Sikumchukia kwa hilo. Wengine walisema ni majivuno. Mimi nafikiri mgonjwa alikuwa kwake ni kitu kikubwa mno, chenye macho, kinachoomba, wakati seli haikumwomba kitu.

Halafu nchi ikaanza kubomoka. Mishahara ilikuja kwa kuchelewa, kisha ikawa haiji. Hela ilipoteza nguvu kati ya asubuhi na mchana. Wenzake wa kitivo waliondoka mmoja mmoja kuelekea kusini, Zambia na mbele zaidi, na kila aliyeondoka alipita ofisini kwake kumshauri afanye vile vile. Aliwatakia safari njema na kurudi kwenye sindano. Mke wake alitaka waondoke. Alimwambia mbele yangu kwamba mbuzi wako kila nchi. Yeye alijibu kwamba kuna kipimo hakijaisha.

Siku za uporaji, askari wasiolipwa walianza na maduka, raia wakafuata, na mwishowe watu walifika hata kwetu. Tulipoingia maabara baadaye, walikuwa wamechukua meza, madirisha, nyaya za ukutani, bomba. Vikombe vya kioo vilikuwa vimekanyagwa sakafuni. Profesa aliviokota vipande, akavipanga kwenye ukingo wa dirisha lisilokuwa na dirisha, kisha akaniuliza ubao uko wapi. Ubao nao ulikuwa umekwenda. Basi wanafunzi wachache waliobaki aliwafundisha bila kitu, kwa mikono yake miwili, wamesimama.

Wiki chache baadaye tulipita sokoni tukaikuta mizani ya maabara yetu juu ya meza ya mama mmoja, anapimia kapenta. Nilikuwa tayari kugomba. Profesa alinizuia kwa ishara. Aliinama, akaangalia, akamwambia yule mama kwamba meza yake imelala upande, kwa hiyo mizani inadanganya, na akatia kipande cha mbao chini ya mguu mmoja wa meza mpaka ikasimama sawa. Tukaondoka. Njiani alisema tu kwamba angalau inafanya kazi.

Nafika sasa mahali ambapo huwa nachelewa kufika ninapomsimulia mtu huyu.

Ulikuja wakati ambapo watu wa mkoa wetu waliambiwa na wakubwa wao kwamba shida zao zimeletwa na majirani, wale ambao babu zao walitoka mkoa mwingine kuja kufanya kazi za migodi na reli. Waliozaliwa hapa, waliokuwa hawajui njia ya kwenda huko kwa babu, waliambiwa warudi kwao. Mke wa profesa alikuwa mmoja wao. Vijana walifika getini Makomeno wakiimba. Profesa alitoka na tai yake akawaambia huyu ni mke wangu, mwalimu wa wadogo zenu. Walimsikiliza vizuri. Wakamwambia wewe Papa baki, hatuna neno na wewe, yeye na watoto waende. Baadhi yao, mke wake ndiye aliyewafundisha kusoma. Aliwaita kwa majina, nao wakatazama chini, lakini hawakuondoka.

Mwishowe mke alikwenda mwenyewe, na kijana wao na binti yao, kwa sababu ndugu zake wote walikuwa tayari stesheni na kukaa Makomeno kulikuwa kungojea moto. Profesa aliwasindikiza. Treni haikuwepo. Watu walikaa pale majuma na majuma, juu ya magodoro na masufuria yao, kando ya reli, chini ya maturubai, mvua zikinyesha. Kila asubuhi alikwenda na kila jioni alirudi, kwani mke wake hakutaka nyumba iachwe tupu iporwe. Bado waliamini kuna kurudi.

Kisha kipindupindu kikaingia stesheni.

Mimi nilikuwa nimejiunga na masista waliofungua banda la wagonjwa upande wa mabehewa ya mizigo. Maji ya kutundika mshipani yaliisha mapema sana. Watu waliletwa macho yamezama, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Tuliwanywesha maji, na wakaendelea kufa. Mimi nilikuwa nimesoma nini cha kufanya, lakini katika vurugu ile, bila usingizi, nilifanya tu nilichoambiwa na aliyekuwa karibu.

Nilimwona profesa amesimama kwenye upenyo wa banda. Nilidhani angegeuka. Aliishika nguzo ya turubai kwa muda, uso umemtoka rangi, na kweli aligeuza kichwa nje mara moja, kama kule wodini. Halafu akaingia.

"Munabapa nini?" aliniuliza.

"Mayi, Prof. Serum iliisha."

"Mayi peke itapita tu." Alikuwa anaongea akimtazama mwanamke mzee aliyelala miguuni pake, anamtazama usoni. "Mulango ya sukari iko nzima. Ugonjwa haikuigusa. Tafuta munyu, tafuta sukari."

Nilikumbuka wakati uleule. Kuna mlango mwingine katika seli zile zile, ambao sodiamu huingilia ikiwa tu imeongozana na sukari. Kipindupindu kinaachia wazi njia ya kutokea, lakini njia ile ya kuingilia hakiigusi. Ukimpa mgonjwa chumvi na sukari pamoja, kwa kipimo, vinaingia, na maji yanavifuata ndani. Wale waliokuwa wakisubiri treni walikuwa na chumvi na sukari katika mizigo yao. Tulipita godoro kwa godoro tukiomba, na watu waliofukuzwa kwenye nyumba zao walifungua vifurushi wakatoa.

Profesa alivua koti, akapiga magoti kwenye tope. Alimwinua yule mzee kichwa, akamnywesha kijiko, akangoja, akamnywesha kingine. Mzee alipotapika juu ya tai yake, profesa alifuta na kuendelea. Sikuwahi kumwona mtu mvumilivu hivyo. Kumbe miaka yote mbele ya sindano alikuwa akijifunza kungoja. Jioni yule mzee aliomba kujua nani anamshika, na profesa akaniangalia mimi nimjibie.

Kuanzia hapo hakulala tena Makomeno. Alikuwa bandani mchana kutwa, na mke wake alikuja kuketi kwenye behewa lililo mbele, akimtazama. Siku moja nilimletea mke huyo chai. Aliniambia kwamba hajawahi kumwona mume wake akimgusa mtu asiyemjua. Aliyasema kwa fahari, nina hakika ilikuwa fahari, na akaongeza kwamba wakifika huko waendako atamtafutia zahanati.

Treni ilikuja mchana, mabehewa ya wazi, na kelele yake ilikuwa kama ya vita, kwa sababu hakuna aliyejua kama nyingine itakuja. Amri ilikuwa wagonjwa wasipande. Watu waliwabeba waliopona nusu wakawaficha katikati ya magodoro. Wasioweza kusimama waliachwa. Bandani walibaki wengi, na masista walikuwa wawili.

Mke wake alipanda na watoto. Kisha akashuka, akaja mpaka mlangoni pa banda. Nilikuwa nimeshika ndoo, sikuwa na mahali pa kwenda nisisikie.

"Panda na shiye," alimwambia, akionyesha behewa walimo watoto.

"Nitafuata. Train ingine itakuya." Alikuwa amemshika mtu kichwa, kijiko mkononi. "Hawa nikibaacha, banakufa."

"Hata mu train beko bantu."

Profesa alimlaza mgonjwa taratibu, akasimama, akaenda kwenye mfuko akafunga chumvi na sukari katika kitambaa, akampa. Akaanza kumweleza jinsi ya kuchanganya. Mke akasema anajua, ameelezwa siku zote. Alikipokea kile kitambaa, akamtazama muda mrefu, wala hakulia.

"Miaka yote nilikuombaka uangalie bantu," alisema. "Na unachagua leo."

Treni iliondoka profesa akiwa amesimama kando ya reli, mikono imelegea. Binti yake alimpungia. Kijana hakupunga. Profesa alipogeuka, nilidhani ataniambia kitu, lakini aliuliza tu maji yaliyochemshwa yamebaki kiasi gani.

Wengi wa wale walioachwa bandani walipona. Sitasema idadi, sikuhesabu, lakini nimewahi kusimamishwa sokoni na watu ninaowakumbuka wakiwa wamelala pale. Yule mzee wa kwanza alipanda treni iliyofuata. Profesa hakupanda. Mara hii alisema kuna wagonjwa wapya, na lilikuwa kweli. Mara nyingine alisema reli imekatika, na hilo pia lilikuwa kweli. Baadaye stesheni ikawa tupu, na alikosa sababu ya kutaja, akawa hataji.

Alirudi Makomeno. Nilipita kumwona nikiwa na nafasi, naye alinikaribisha kwa heshima zake zile zile, akanipa kiti cha mke wake kwa sababu ndicho kilichobaki kizima. Alikuwa amejifunza kupika vibaya. Alizungumza peke yake kidogo, kwa Kifaransa, na akiniona nimesikia aliomba radhi. Kitu kimoja kilikuwa kimebadilika: sasa alitazama watu usoni. Aliwatazama mno. Wanafunzi wapya walimwogopa kwa hilo kama sisi tulivyomwogopa kwa kutotutazama. Alimkazia macho mtu kana kwamba anataka kuuliza jambo, kisha akauliza jambo la masomo.

Vita vikaja na kupita, serikali ikabadilika, nyumba ya Makomeno akapewa mtu mwingine. Nilikuwa nimeolewa, nafanya kazi hospitalini, nina watoto. Siku moja nilipokwenda kumtafuta nikaambiwa amehama, hakuna aliyejua wapi. Walisema aliaga vizuri. Hawakukumbuka kuuliza anakwenda wapi.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi, bila kumtafuta. Nilikuwa natoka Kilwa, ambako tulitumwa kusaidia kipindupindu cha ziwani, na ugonjwa ulikuwa umetulia. Barabara ile mvua ikinyesha si barabara. Gari letu lilivunjika tulipofika Kasomeno, kijiji cha njiani, na dereva akasema tutalala. Mbele ya duka la jumla la mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kivu ya Kaskazini, kati ya magunia ya chumvi na madumu ya mafuta, mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, tai shingoni, anamtazama kila anayeshuka garini.

Alinitambua kabla sijamtambua. Alisimama, akavua kofia.

"Mademoiselle," alisema, kama nilipokuwa msichana wa maabara, na mimi nilikuwa na mvi tayari.

Alikuwa akiishi katika chumba nyuma ya duka lile. Asubuhi alifundisha sayansi kwenye shule ya sekondari. Alasiri, akina mama walimletea watoto wanaohara, naye aliwaonyesha jinsi ya kuchanganya maji. Mwenye duka, mtu wa kanisa, mpole, alituletea chai na mkate, akakaa kidogo kwa adabu. Aliponisikia nikimwita Prof, alishangaa.

"Shiye tunamuitaka Muzee tu," aliniambia. "Alituambia hana mutu."

Alipotuacha, nilimuuliza profesa lile ambalo sikuwahi kuthubutu kuliuliza Makomeno, kama aliwahi kuwafuata mke na watoto. Aliitikia kwa kichwa. Alikwenda, reli ilipotulia. Aliwapata bila shida, kwa sababu mke wake alikuwa mkuu wa shule na kila mtu alimjua. Alinieleza pole pole, akikunja na kukunjua kofia. Ndani ya treni ile, mke wake aliugua siku ya pili. Binti ndiye aliyechanganya chumvi na sukari, akamnywesha mama yake, na waliokuwa kwenye behewa wakamwomba awaonyeshe, akawaonyesha. Walifika wazima.

"Alinielezea yote," alisema. "Akasema: ile dawa yako ilitumika."

"Na alikupokea namna gani?"

"Muzuri. Alinipa kiti. Alipika chakula muzuri. Majirani balikuya, akabaambia: huyu ni profesa wa Lubumbashi, anajua mambo ya tumbo." Akaikunjua kofia. "Hakusema ni bwana yake."

Nikamuuliza watoto.

"Bakubwa. Balinisalimia na mikono mbili."

Hivyo ndivyo watoto waliolelewa vizuri wanavyomsalimu mgeni mwenye umri. Alilala sebuleni siku ile, na asubuhi akapewa maji ya kuoga na chai. Hakuna aliyemfukuza, alisema, hilo nilielewe vizuri. Alikaa mpaka jua likapanda. Mke wake alikuwa amevaa nguo ya bluu yenye maua madogo meupe, na kitambaa cha kichwani cha rangi ile ile, kimefungwa upande wa kushoto. Kisha akaaga.

Nilimwambia pengine mke wake alikuwa akingoja aombe kubaki.

"Inawezekana," alisema. "Sikujua banaombaka namna gani. Hiyo sikuisomaka."

Tulikaa. Magari ya mizigo yalipita yakielekea Kasenga, mvua ikaanza tena, mwenye duka akafunika magunia. Nilimwambia nina chumba Lubumbashi, watoto wangu wamekua, aje. Alinishukuru kwa dhati. Akasema ana wanafunzi, na siku hizi alasiri wanakuja wengi. Halafu akaniuliza habari za mume wangu, za kila mtoto, jina, umri, anapenda kula nini, na kila nilipojibu alinitazama usoni mpaka nikamaliza.

Asubuhi gari lilikuwa limepona. Alinisindikiza hatua chache hadi mlangoni pa gari, akanishika mkono kwa muda, akaniuliza nitapita tena lini. Nikasema sijui, kazi ndiyo inayonituma. Akasema ni sawa.

Dereva alipogeuza gari nilimwona amesharudi kwenye benchi lake mbele ya duka. Hakupunga mkono. Alikuwa ameketi mwisho kabisa wa benchi, upande mmoja, na nafasi nzima iliyobaki alikuwa ameipangusa kwa kofia, ikauke.